RPG ya Kiswahili: mapenzi ya jinsia moja na wenzi wa safari, tuandike mara moja au mara mbili?

Mchukudu (Goma)

Jambo wote. Tunatengeneza RPG ndogo (gemu ya kuigiza mhusika) kwa Ren'Py, programu ya kutengenezea gemu za hadithi; itachezwa kwenye simu za Android. Maandishi yote ni Kiswahili, hakuna sauti zilizorekodiwa. Mchezaji anachagua mwanzoni kuwa mwanamume au mwanamke, halafu anazunguka Ziwa Kivu na wenzi wanne: Furaha, dada fundi wa injini za mitumbwi; Bahati, kijana msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo; Neema, muuguzi; na Shabani, mvuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Sura ni sita.

Tunataka mchezaji aweze kupendana na mwenzi, na mwanamke aweze kupendana na mwanamke, mwanamume na mwanamume, bila njia hiyo kuwa ya kubandikwa mwishoni. Tumekwama sehemu tatu. Je, wote wanne wawe wazi kwa mchezaji yeyote, au kila mmoja awe na watu wake anaowapenda? Pointi tuzihesabu vipi ili rafiki asijikute ameshakuwa mpenzi kwa kuwa alisema tu maneno ya upole? Na mazungumzo: mwandishi wetu amezoea gemu za Kifaransa, anasema itabidi kila sentensi iandikwe mara mbili. Sura ya kwanza peke yake ina mistari karibu mia nane.

Wanaojua gemu kubwa zilivyofanya, tuelezeni kwa undani. Aksanti.

KatubaPixel (Lubumbashi)

Swali la kwanza ndilo linaloamua mengine, kwa hiyo nianze nalo. Kampuni ya BioWare imejaribu njia zote mbili, na unaweza kulinganisha bila kutoka nje ya mfululizo mmoja.

Dragon Age II ya 2011 iliwaweka Anders, Fenris, Isabela na Merrill wazi kwa Hawke yeyote (ndiye mhusika wa mchezaji), mwanamume au mwanamke. Sebastian tu, aliyeletwa na nyongeza ya kununua, ndiye aliyebaki kwa Hawke mwanamke. Inquisition ya 2014 ikageuza: Dorian anapenda wanaume tu, Sera wanawake tu, Iron Bull na Josephine hawachagui, Cassandra ni wa mhusika mwanamume, Blackwall wa mwanamke. Solas akaongezewa hata sharti la kabila, lazima uwe mwanamke wa ki-elf. Halafu The Veilguard ya 2024 ikarudi ilikotoka: wote saba wako wazi.

Mimi niko upande wa Inquisition, na sababu ni Dorian. Hadithi yake binafsi ni kwamba baba yake alitaka kumbadilisha kwa uchawi wa damu ili akubali kuoa mwanamke na kuendeleza ukoo. Hadithi hiyo inasimama kwa sababu yeye anapenda wanaume na hapendi wanawake. Mfanye awe wazi kwa kila mtu na ugomvi na baba yake unapoteza mfupa. Mwenzi mwenye mapendeleo yake anakuwa mtu aliyekuwepo kabla mchezaji hajafika.

Lakini njia hii inakudai hesabu, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Angalia Mass Effect 2 ya 2010, ambayo mhusika wa mchezaji ni Shepard: Shepard mwanamume ana Miranda, Jack na Tali, Shepard mwanamke ana Jacob, Garrus na Thane. Sita kamili, na hakuna hata mmoja wa jinsia moja. Mass Effect 3 ya 2012 ikaja kurekebisha: Kaidan akafunguliwa kwa Shepard mwanamume, wakaongezwa Steve Cortez kwa wanaume na Samantha Traynor kwa wanawake. Vizuri, lakini Cortez ni rubani wa chombo kidogo na Traynor ni mtu wa mawasiliano. Si wenzi wa vitani. Hawapigani kando yako, kwa hiyo ukitoka nje mpenzi wako ni kama hayupo. Na Kaidan huenda alishakufa kwenye sayari ya Virmire tangu gemu ya kwanza. Hiyo ndiyo sura halisi ya "kubandikwa mwishoni".

Kwenu hesabu ni rahisi. Furaha apende wanawake tu. Bahati apende wanaume tu. Neema na Shabani wawe wazi kwa wote. Mchezaji mwanamke anapata Furaha, Neema na Shabani. Mchezaji mwanamume anapata Bahati, Shabani na Neema. Kila upande watatu, na kati ya hao wawili ni wa jinsia yake. Hakuna anayeachiwa makombo, na wote wanne wanatembea nawe.

Jambo moja zaidi: mtu asiyempenda mchezaji aseme hivyo mapema na kwa upole. Msifiche tu chaguo. Katika Inquisition mwanamke anaweza kumtongoza Cassandra, naye anamweleza waziwazi kwamba hayuko huko. Cyberpunk 2077 inafanya vilevile na Panam ukiwa na V, mhusika wa mchezaji, mwenye mwili wa kike: unajaribu, anakuzuia, urafiki unaendelea. Mchezaji akinyimwa jibu atadhani amekosa pointi, atarudia sura nzima akitafuta kitu kisichokuwepo.

Sambaza_na_Ugali (Bukavu)

KatubaPixel, hesabu yako ni nzuri, ila kwa gemu ya wenzi wanne bado naona kuwafungua wote si dhambi. Baldur's Gate 3 ya 2023 haiangalii jinsia ya mhusika wako kwa Astarion, Gale, Shadowheart, Lae'zel, Wyll wala Karlach, na hakuna aliyelalamika kwamba Astarion hana utu. Utu wao unatoka kwenye wanachotaka na wanachoogopa. Lakini sitabishana, mimi nimekuja kwa swali la tatu.

Mwandishi wenu anaogopa Kifaransa. Ana haki: Kifaransa kinambana, lazima kiamue *prêt* au *prête*, *mon amoureux* au *mon amoureuse*, na baadhi ya vitenzi vya wakati uliopita vinaweza kumfichua mhusika. Kiswahili hakina mzigo huo. "Amefika amechoka, nilimngoja, nampenda" haitaji jinsia popote. Sifa nazo zinafuata ngeli ya mtu, mzuri ni mzuri. Mistari mia nane hiyo iandikwe mara moja.

Kisha pitia faili lote kwa kutafuta maneno machache yanayofichua jinsia. Baya kuliko yote ni *oa* na *olewa*: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na kwa wapenzi wawili wa kike hakuna anayeoa. Tumia *kuoana*, *kufunga ndoa*, *kuishi pamoja*, au maneno yasiyo ya ndoa kabisa. Halafu *mume* na *mke*, ambayo unaweza kuyaacha kwa *mwenzangu*, *mpenzi wangu*, *wa moyo wangu*. *Kaka* na *dada* yanaponyoka kirahisi mno, mwandishi hayaoni. Kwetu huku *yaya* linabeba mkubwa wa kiume na wa kike, litumieni. *Wifi* ni tego, kwa kuwa ni neno kati ya wanawake. *Shemeji* lina nafasi zaidi. Na *yule binti*, *yule kijana*, *bwana mdogo*, haya yanatokea hasa kwenye mdomo wa watu wa pembeni, muuza makala (makaa) au askari wa kizuizi cha barabarani.

Salamu za heshima ziwekeni kwenye kigeu kimoja, yaani jina la kwenye msimbo linaloshika thamani inayobadilika. Mtu wa Goma hamwiti mgeni jina tu, atasema papa au mama. Basi kigeu *heshima* kiwe "papa" au "mama" kufuatana na chaguo la mwanzo, na kwenye maandishi muweke [heshima] ndani ya mabano ya mraba, Ren'Py itajaza yenyewe. Sentensi moja, sura mbili. Likija mwanzoni mwa sentensi tumieni [heshima!c], herufi ya kwanza itakuwa kubwa.

Sasa upande wa pili, ambao hautajwi sana. Lugha inayokuondolea kazi ndiyo pia inayokuficha. Bahati akisema kando ya moto, "Nilikuwa na mpenzi kule Sake, tuliachana," wasomaji karibu wote watajaza mwanamke vichwani mwao. Jina halisaidii, maana Bahati, Furaha na Neema ni majina yetu ya kila siku na hata jina Bahati linaweza kuwa la kike au la kiume. Mkifuata mpango wa KatubaPixel, basi pale lazima muandike kwa makusudi: "Alikuwa mwanamume, fundi seremala, ndiye aliyenichongea chukudu hii." Mstari mmoja wa namna hiyo katika sura ya kwanza au ya pili, kabla mchezaji hajatongoza. Bila huo mstari, mapenzi ya Bahati na mchezaji mwanamume yataonekana kama yametokea hewani, na kukataa kwake mchezaji mwanamke kutaonekana ni hitilafu.

Mistari ya kuandika mara mbili kwa kweli iko michache: pale mwenzi anapofungua moyo mara ya kwanza, pale familia yake inapomwona mchezaji, na mwisho. Familia ya Furaha haiwezi kumpokea mpenzi wa kike kwa maneno yaleyale ambayo ya Neema itampokea nayo mchezaji mwanamume. Hapo kufananisha ni uvivu.

Nafasi_Nne (Bukavu)

Nijibu la pointi, na msimbo kidogo.

Tatizo lenu la rafiki kugeuka mpenzi linatokana na kutumia hesabu moja kwa vitu viwili. Wekeni mbili: urafiki unaopanda kwa matendo na upole, na mvuto unaopanda tu kwa chaguo ambalo mchezaji analiona wazi kuwa ni la kutongoza. Alama ndogo mbele ya chaguo hilo inatosha. Dragon Age II na Inquisition zinaweka moyo.

```
define anapenda = {
    "furaha": ["ke"],
    "bahati": ["me"],
    "neema": ["ke", "me"],
    "shabani": ["ke", "me"],
}
default jinsia = "ke"
default urafiki_furaha = 0
default mvuto_furaha = 0
default penzi = ""

label moto_sura2:
    menu:
        "Injini hii isingewaka bila wewe.":
            $ urafiki_furaha += 5
        "♥ Nimekaa hapa kwa ajili yako." if urafiki_furaha >= 30:
            if jinsia in anapenda["furaha"]:
                $ mvuto_furaha += 1
                jump furaha_anatabasamu
            else:
                jump furaha_anakataa
        "Lala, kesho ni mbali.":
            pass
```

Angalieni mahali jinsia inapoulizwa: ndani ya chaguo, baada ya mchezaji kulibonyeza. Ukiiweka kwenye sharti la chaguo lenyewe, mchezaji mwanamume hataona kitu wala hatakataliwa, na ndilo tatizo alilolitaja KatubaPixel. Jedwali la *anapenda* likae sehemu moja tu. Mkianza kuandika "if jinsia ==" huku na huku, siku mtakayobadili mawazo kuhusu Neema mtasahau sehemu mbili, na atakubali sura ya tatu akatae ya tano.

Makosa matatu ya Ren'Py yanayouma hasa kwenye mapenzi:

*define* ni kwa kitu kisichobadilika. Kigeu cha pointi kikiandikwa kwa *define* kitaonekana kinafanya kazi vizuri siku nzima ya majaribio, kisha mtu anafunga gemu, anafungua sevu yake (mchezo aliouhifadhi), na huenda Furaha asimjue tena. Kinachobadilika ni *default*. Tena *default* ina faida nyingine: mkiongeza kigeu kipya baada ya watu kuwa na sevu, kinajazwa zinapofunguliwa.

Menyu ambayo machaguo yake yote yana sharti, na masharti yote hayatimii, inarukwa kimyakimya. Hakuna ujumbe wa kosa. Mchezaji anaona tu mandhari inakatika. Kila menyu ya mapenzi iwe na angalau chaguo moja lisilo na sharti.

Na pointi za uhusiano msiziweke kwenye *persistent*. Hiyo ni kumbukumbu ya gemu nzima, hairudi nyuma mchezaji anapobonyeza kurudi, na inavuka kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Mtu ataanza upya na mhusika mwingine na kumkuta Shabani tayari amependa.

Kiwango cha 30 nimekitaja kwa mfano. Chukueni karatasi, muandike pointi za juu kabisa anazoweza kupata mchezaji kwa kila sura. Sura ya kwanza ikitoa 20 kwa wingi, basi 30 haiwezekani kabla ya sura ya pili, na ndicho mnachotaka. Baldur's Gate 3 ilipotoka wenzi walikuwa wakimtaka mchezaji mapema kuliko ilivyokusudiwa, na Swen Vincke, mkuu wa Larian, kampuni iliyoitengeneza, alisema ni hitilafu: viwango vya kukubalika vilikuwa chini mno. Watu walicheka, lakini kwa gemu ya sura sita kosa hilo linakula nusu ya hadithi.

Mchukudu (Goma)

Aksanti sana, wakubwa. Jedwali moja tumelikubali, na mstari wa Bahati tayari mwandishi ameuchukua.

Maswali mawili yaliyobaki. Tulifikiria kitu cha kukabidhi, mchezaji ampe mwenzi zawadi maalumu ndipo mapenzi yaanze rasmi, badala ya maneno peke yake. Mchoraji anasema kitenge. Na je, mwenzi naye aweze kumtongoza mchezaji, au kila mara mchezaji aanze?

KatubaPixel (Lubumbashi)

Zawadi ni wazo zuri kuliko moyo wa kwenye menyu, kwa sababu haiponyoki mkononi kwa bahati mbaya. Stardew Valley inaifanya vizuri: moyo mmoja ni pointi 250, zawadi inayopendwa sana inaleta 80, hupewi kutoa zaidi ya mbili kwa wiki kwa mtu mmoja. Wale wanaoweza kuwa wapenzi wanasimama kwenye moyo wa 8 mpaka ununue shada la maua dukani kwa Pierre, dhahabu 200, umkabidhi. Usipomkabidhi mnabaki marafiki milele, na hakuna anayekununia. Wote 12 wanakubali shada hilo kutoka kwa mkulima wa jinsia yoyote. Skyrim inafanana: unavaa Hirizi ya Mara, ndipo wanaoweza kufunga ndoa nawe wanalitaja jambo hilo, na jinsia haiulizwi. Stardew ni ndogo, itaingia hata kwenye mashine ya zamani, mwandishi wenu aicheze. Baldur's Gate 3 inadai gigabaiti 150, hiyo msihangaike nayo.

Kitenge hapana. Si kibaya, ila mkimpa Bahati kitenge wachezaji watauliza ni cha nani. Tena mtu anaweza kumpa mama yake kitenge. Tafuteni kitu ambacho hakina jinsia na ambacho hakitolewi kwa rafiki hivihivi. Kipande cha jiwe la lava kutoka mlima wa volkano wa Nyiragongo kilichotobolewa na kutiwa uzi, kwa mfano. Mchoraji atakichora kwa dakika kumi, na kinavaliwa shingoni, kwa hiyo picha ya mwenzi inaweza kubadilika baada ya hapo.

Sambaza_na_Ugali (Bukavu)

Mwenzi aanze, mbona? Shabani anayengoja tu kubonyezwa ni sanamu. Sharti moja: kumkataa kusigharimu chochote. Dragon Age II ilifanya kosa hapo. Anders anamwendea Hawke mapema, hata Hawke mwanamume, na ukimkataa unapata pointi za uhasama. Kelele zilizofuata zilimwangukia Anders na kusemwa tatizo ni kwamba anapenda wanaume pia. Kosa lilikuwa kwenye pointi. Wekeni chaguo la kukataa lenye maneno mazuri, urafiki ubaki ulipo, na mwenzi asirudie tena mpaka mchezaji aanze mwenyewe.

Na angalieni mwisho wa gemu. Mwishoni waandishi huchoka na kuandika aya moja ya wote: "wakaoana, wakazaa watoto." Assassin's Creed Odyssey ya 2018 ilimwachia mchezaji kuchagua anayempenda muda wote, kisha nyongeza ya Januari 2019 ikamsukuma mhusika kwenye uhusiano wa mwanamume na mwanamke na mtoto juu yake, hata kama mchezaji alicheza vingine. Ubisoft, kampuni iliyoitengeneza, ilibidi iombe radhi na kubadilisha sehemu ya mandhari hiyo. Kwenu *penzi* ishike jina la mwenzi, na mwisho uisome kabla ya kuandika neno lolote juu ya nyumba na watoto.

Nafasi_Nne (Bukavu)

Kwa hilo la mwisho: *penzi* ikiwa tupu iwe na mwisho wake kamili, si mwisho wa wapenzi uliokatwa mistari mitatu. Wengi watacheza bila kumpenda mtu.

Majaribio yenu yawe ya njia sita, si nne: mwanamke na wenzi wake watatu, mwanamume na wenzi wake watatu. Ongezeni mbili za kukataliwa, mwanamume kwa Furaha na mwanamke kwa Bahati. Kila njia sevu moja mwishoni mwa kila sura, iitwe kwa jina, "ke_furaha_3" na kadhalika. Mkibadili kiwango cha pointi katikati, anzeni upya hizo nane, sevu za zamani zitawadanganya.

Mchukudu (Goma)

Jiwe la lava limepita bila upinzani. Mchoraji anauliza uzi uwe mweusi au mwekundu.

KatubaPixel (Lubumbashi)

Mwekundu. Mweusi kwenye jiwe jeusi hautaonekana kwenye simu ndogo.